Nyayo za Ng'ombe

Walimu wengi wamepata kuwapa wanafunzi wao mdahalo huu: je, yampasa mtu kuyafikiri matokeo kabla ya kutenda? Jibu huja upesi kuliko swali lenyewe. Darasa zima husema ndiyo, mmoja hukumbusha kwamba majuto ni mjukuu, na kengele hulia. Sisi twaona swali hili halijaulizwa vema mpaka lifikishwe mahali ambapo jibu lake lina gharama. Basi na tulipeleke Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwenye mambo ya ng'ombe.

Kwa Wakurya ng'ombe ni mahari, na kwa hiyo ni ndoa, watoto na heshima. Zamani kijana aliyekwenda kuteka ng'ombe wa watu wengine alirudi akisifiwa. Lakini soko la ng'ombe lilipokua ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, utekaji ukageuka biashara. Na baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, bunduki zikazidi kuonekana palipokuwa na mikuki na mishale. Sifa za kale zilibaki vinywani, ilhali matokeo ya kitendo yalikuwa mengine kabisa.

Watu husema kijana huyu hakufikiri. Sisi hatukubali. Alifikiri sana: giza la mwezi, mbwa wa zizi, kivuko cha mto, bei ya sokoni. Hata kifo chake alikihesabu. Asichokihesabu ni desturi ya nyayo. Yowe likipigwa, wenye mali hufuata nyayo, na zikiingia katika ardhi ya kijiji kingine, wenyeji hutakiwa kuonyesha zilikotokea. Wakishindwa, deni huwaangukia wao. Hivyo hulipa mjane ambaye hakuonja hata maziwa ya ng'ombe hao. Koo zikipigana, nyumba huchomwa, na mtoto wa shule hulala porini.

Hata hivyo, tusimsifu mno mwenye kufikiri. Usiku wa yowe, anayeketi kupima faida na hasara hupoteza nyayo, kwani mvua haimngoji mtu. Wazee walilitambua hilo. Ritongo, yaani baraza la ukoo, liliweka masharti mchana, watu wakiwa watulivu, ili usiku pasiwepo haja ya kujadiliana. Hapo kufikiri kulitangulia kutenda kwa miaka mingi.

Yako pia matokeo yasiyoonekana na jicho lolote. Sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa porini katika miaka ya 1890. Baadaye ng'ombe wa nchi hizi walichanjwa, kwa nia ya kuokoa ng'ombe tu. Ugonjwa ukatoweka pia kwa nyumbu wa Serengeti, nao wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi kupita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Wakala nyasi zilizokuwa zikiwaka moto kila kiangazi. Moto ukapungua, miti ikaota tena. Nani angeyatabiri hayo akiwa na sindano mkononi?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa wataalamu hawakuona mbali, kwa nini alaumiwe mwizi wa ng'ombe? Ni kwa sababu mchanjaji hakuwa na njia ya kujua, na mwizi anayo. Nyayo anazikanyaga mwenyewe. Anajua zinaelekea kwa nani.

Linalotushinda zaidi ni jambo la mzee aliyeketi katika ritongo, naye anajua kwamba mwanawe alikuwamo. Akimtaja, anamtoa mtoto wake kwa hasira ya watu na kwa sheria. Akinyamaza, kijiji kizima kitalipa, na pengine koo mbili zitauana. Matokeo yote mawili ameyaona wazi; hakuna fikra nyingine itakayomwongezea nuru. Kila akisema anahitaji muda wa kutafakari, twashuku kwamba anakwisha kuamua, na kutafakari kumekuwa mahali pa kujificha. Wenzake wanamjua, hawamharakishi. Wanamtazama tu, jua likishuka, na wenye ng'ombe wamesimama kando na fimbo zao wakingoja jina.