TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mgonjwa Apimwe kwa Kipimo Gani?



Ndugu zangu waumini wa Masasi, Newala na popote mlipo, leo tuwakumbuke wagonjwa wetu wa muda mrefu: wa sukari, wa presha, wa figo, wa kansa. Hospitalini wanapimwa damu, sawa. Lakini hata sisi mtaani tunawapima. "Mzee yule mwaka huu haonekani tarawehe." "Bibi yule nimemuona anakunywa uji mchana." Kipimo chetu ni macho tu.

Wataalamu nao hujaribu kupima ibada ya mgonjwa. Dodoso moja linalotumika sana limetoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Lina maswali 5. La kwanza: unahudhuria ibada ya pamoja mara ngapi? La pili: ibada zako za faragha je, kama dua na kusoma? Matatu ya mwisho yanauliza habari za moyo. Sasa, mwalimu yeyote anajua kwamba swali lisipomfaa mwanafunzi, alama haisemi kweli. Mtoto asiyeona vizuri ukimpa kazi ya kunakili ubaoni atapata sifuri. Umepima macho yake, hukupima akili. Na mgonjwa wa figo ukimhesabia safari za msikitini, umepima miguu yake, imani yake hujaigusa. Wenye dodoso lile hawakuishia swali la kwanza. Sisi mbona tunaishia hapo?

Dini yetu ilishaliweka sawa jambo hili. Katika Bukhari, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko kwao. Yaani daftari halifungwi! Ila tazama vizuri: anaandikiwa *aliyokuwa akiyatenda*. Kwa hiyo wewe mzima, daftari lako unalijaza leo.

Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa kulala ubavu. Kipimo ni uwezo.

Na saumu hivyo hivyo. Rejea Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mgonjwa anayetarajia kupona atalipa siku zake baadaye. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, na saumu inamdhuru, atatoa fidia: kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ni kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji. Akishafanya hivyo, hana deni. Asiulizwe barabarani.

Nasema haya kwa sababu kuna wanaofunga kwa kuogopa midomo yetu. Anaruka sindano ya insulini, anaficha vidonge, mpaka anaanguka. Hiyo damu tutaijibu nini mbele ya Allah?

Basi mwenye sukari, muone daktari kabla hujaamua: Mkomaindo, Ndanda, hospitali ya Newala, au kituo kilicho karibu nawe. Usipunguze wala kuacha dawa mwenyewe. Kutoboa kidole na kupima hakubatilishi saumu. Mashine ikisoma chini ya 3.9, au zaidi ya 16.6, fungua hapo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Ukianza kutetemeka, jasho likakutoka na kichwa kikazunguka, fungua pia. Anayefungua kwa kuogopa kujiangamiza anamtii Mola wake.

*Kazi ya leo:* chagua mgonjwa mmoja. Usimuulize "umefunga?" Muulize "nikusaidie nini uswali?" Pengine anataka mtu wa kumgeuza upande wa kibla. Pengine ni ndoo ya maji ya udhu. Huku juu uwandani tunajua maji yanavyosumbua. Kama maji yanamdhuru, mkumbushe tayamamu. Pengine anataka tu asomewe Yasin na mtu asiyeangalia saa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uwaandikie kamili walichokizoea, na uzizuie ndimi zetu zisiwaumize. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako mwenye mgonjwa nyumbani.