Kukusanya si Kuunda



Je, mtu huwa mwenye kitu kwa kukinunua, au kwa kukijua? Wengi watajibu upesi kwamba mwenye kitu ni yule aliyetoa fedha na kupewa stakabadhi. Mahakamani jibu hilo latosha. Mbele ya dhamiri halitoshi, kwani ndani ya swali hili imo hukumu juu ya mali yetu, juu ya elimu yetu, na hata juu ya dini yetu. Nasi twakusudia kulieleza kwa mfano wa kitu kidogo sana, ambacho watu wazima hukipita bila kukitazama: gari la kuchezea.

Gari la Nambambo

Katika kata ya Nambambo, huko Nachingwea, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, watoto huunda magari kwa mikono yao. Huokota waya na makopo matupu, hukata tairi kutoka kandambili kuukuu, na vifuniko vya chupa huwa taa. Wasipopata waya hutumia mabua. Ufito mrefu wenye usukani wa duara hupanda kutoka magurudumu ya mbele mpaka kifuani mwa mtoto, naye hulikimbiza gari lake njiani huku akinguruma kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtoto huyo hana karatasi ya maelezo. Kitabu chake ni lori lenyewe. Lori la korosho likiharibika kando ya njia, dereva na utingo wakaingia uvunguni kufunga springi, watoto huchuchumaa karibu na kutazama kwa muda mrefu bila kuchoka. Kesho yake utaona springi katika gari la waya. Hakulinunua, wala hakuna dukani gari kama lile. Lakini muulize sababu ya kila waya, naye atakujibu.

Gari la sandukuni

Sasa tutoke Nambambo kidogo, tuende Ulaya, Marekani na Japani. Huko wako watu wazima wengi, wenye kazi na heshima zao, ambao burudani yao ni kuunda magari madogo ya mfano. Mtu hununua sanduku ambalo ndani yake mna vipande vingi vya plastiki, na karatasi yenye namba inayoonyesha kipi kianze na kipi kifuate. Na juu ya kifuniko pana picha nzuri ya gari lililokwisha kamilika. Vipimo hufuatwa kwa uaminifu. Katika kipimo cha 1 kwa 24, lori lenye urefu wa mita 7.2 huwa na sentimita 30, na kila mlango na kila taa hupunguzwa kwa kadiri ile ile.

Kazi hii ina historia yake. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1949, nayo haikuwa gari la fahari bali trekta la Ferguson. Kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiuza matrekta ya kweli, kisha ikauzwa kwa watu wote ikiwa vipande, ili kila mmoja ajiungie mwenyewe. Nayo kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipokuwa ikitayarisha modeli ya Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976, ilinunua gari la kweli la Porsche 911 na kulifungua kipande kwa kipande ili kulijua.

Tazama, ndugu msomaji! Mafundi wale wa Japani na mtoto wa Nambambo wamesoma chuo kimoja. Wote wawili waliingia uvunguni kwanza, ndipo wakaunda.

Lakini kati ya fundi aliyebuni sanduku na gari lililokamilika yupo mnunuzi, na hapo ndipo penye mtihani. Wapenzi wa kazi hii hukiri wenyewe kwamba wengi wao hununua masanduku mengi kuliko wanayoweza kuyaunda katika umri wao wote. Rafu hujaa, chumba hujaa, na bado hununua. Tena sokoni limezuka jambo la ajabu: sanduku la zamani ambalo halijafunguliwa huuzwa kwa bei kubwa kuliko lililofunguliwa, hata kama vipande vyote vimo. Kwa hiyo mtu huogopa kuligusa. Kitu kilichotengenezwa ili kiundwe hupata thamani yake kwa kutoundwa!

Sanduku langu

Siyasemi haya kwa kuwacheka watu wa mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa sanduku la namna hiyo na ndugu yangu aishiye ng'ambo, na ndani yake mlikuwa na lori. Nililipenda mno, na kwa sababu hiyo sikulifungua. Nililiweka juu ya kabati, na kila mgeni nilimwonyesha picha ya kifuniko. Miaka ikapita.

Siku moja mtoto wa jirani, mwenye umri wa kama miaka kumi, aliingia na gari lake la waya. Akaniamkia, akaliona sanduku, akauliza: "Babu, lori hili magurudumu yake ya mbele yanakataje kona?"

Nikaitazama picha. Picha haikuonyesha. Nikamjibu kwamba sijui, kwa kuwa sijalifungua.

"Kumbe si lako?" akauliza.

Hakusema hivyo kwa utovu wa adabu. Kwa akili yake, kitu cha mtu ni kile ambacho mtu anaweza kukieleza. Akalipindua gari lake, akanionyesha kwa kidole jinsi waya mmoja ulivyoyashika magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Kisha akaaga akaenda zake.

Jioni ile nililishusha sanduku. Gundi iliyokuwamo ilikuwa imekauka kama jiwe. Na nyuma ya sanduku, juu ya kabati lile lile, niliona jambo lililoniumiza zaidi: Msahafu wangu, umefungwa kwa kitambaa kizuri, na kitambaa kimeshika vumbi sawasawa na sanduku.

Maswali na majibu

Huenda mtu akasema: "Je, si makosa kwa mtu wa dini kushughulika na sanamu za kuchezea?" Jibu letu ni kwamba gari si kiumbe chenye roho, wala hakuna aliabuduye. Tena imepokewa katika hadithi za Abu Daud kwamba Mtume Muhammad s.a.w. aliona miongoni mwa vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha r.a. farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza habari za mbawa zile, Bibi Aisha alimkumbusha habari za farasi wa Nabii Sulaiman a.s., naye Mtume s.a.w. akacheka hata meno yake yakaonekana. Basi mchezo wenye fikra ndani yake haukukemewa katika nyumba ile tukufu.

Mwingine atasema: "Afuataye karatasi ya maelezo haundi kitu, bali anatii tu. Mtoto wa waya peke yake ndiye muundaji." Hili nalo si kweli. Mtoto wa Nambambo, kwa kukosa mwongozo, hurudia makosa ambayo mwenzake aliyarekebisha zamani. Kufuata mwongozo wa ajuaye si aibu. Ni njia fupi ya kufika. Lakini mwongozo umeandikwa ufuatwe, haukuandikwa utunzwe. Mwenye kuufuata hatua kwa hatua, akajua kwa nini kipande cha tano chatangulia cha sita, huyo hutoka mwanafunzi akawa fundi.

Wa tatu atasema: "Je, kukusanya ni dhambi?" La, hatusemi hivyo. Modeli nyingi za zamani hazitengenezwi tena, na aliyezihifadhi ili wengine waone na wajifunze amehifadhi amana. Kosa haliko katika wingi wa vitu, bali katika nia inayokoma kwenye wingi. Suratut-Takathur imewaonya wale ambao kushindana kwa wingi kuliwashughulisha mpaka wakafikia makaburi. Anayehesabu masanduku yake kila siku bila kufungua hata moja na ajiulize anahesabu nini.

Ushahidi wa ardhi ya Nachingwea

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya kuchezea tu. Ardhi ya Nachingwea yenyewe imeona jinsi kosa hili linavyokuwa likitendwa kwa vitu vikubwa.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma wataalamu Tanganyika wakatazame mahali pa kulima karanga. Walikaa wiki chache tu, kisha ukaandikwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Kazi ilianza mwaka 1947. Yakaletwa matrekta, mengi yao mabaki ya vita. Hata vifaru viligeuzwa vikafanywa matrekta. Ikajengwa bandari huko Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kizuri, kama picha ya juu ya kifuniko cha sanduku.

Lakini udongo na mvua havikusoma karatasi ile. Ujuzi wa wakulima wenyeji, walioijua nchi kwa jembe lao, haukufanywa msingi wa mpango. Mitambo ikaharibika, mavuno hayakufika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Mwaka ule ule wa 1949, ambapo trekta dogo la Ferguson lilikuwa likiunganishwa mezani huko Uingereza, matrekta makubwa yalikuwa yakinguruma katika mashamba ya Nachingwea. Lile dogo lilifanikiwa kwa sababu aliyelitengeneza alilijua trekta. Mpango ule mkubwa ulianguka kwa sababu walioupanga hawakuijua ardhi. Vyombo vilikusanywa kwa wingi. Ujuzi haukukusanywa pamoja navyo.

Neno kwa mwenye kuitafuta haki

Na wewe, ndugu msomaji, ambaye labda umeingia katika dini karibuni, au ungali unaulizauliza mlangoni, jambo hili lakuhusu zaidi kuliko wengine. Mtafutaji wa haki hupata vitu vingi kwa muda mfupi. Hupewa vitabu, husikia mihadhara, hujifunza hoja za kumshinda huyu na yule, huandika aya katika daftari. Yote hayo ni mema. Lakini ni vipande sandukuni. Kusali kwa kujua usemalo ni kuunda. Kuzuia ulimi usimseme jirani ni kuunda. Kumlipa kibarua haki yake ni kuunda. Hoja mia ulizozihifadhi na usizozitenda ni masanduku mia juu ya kabati, na wageni wakisifu picha, sifa yatoka kwa picha. Katika Suratul Jumua umetolewa mfano wa punda aliyebebeshwa vitabu: mzigo anao, faida hana. Kila mmoja wetu na aupime mgongo wake mwenyewe.

Usiogope kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa mbovu. Hofu hiyo ndiyo inayofunga masanduku mengi. Mtu hujiambia, "Nitaanza nitakapokuwa tayari," na gundi yakauka. Gari la kwanza la kila mtoto wa Nambambo huenda upande. La pili hunyooka kidogo. Hakuna aliyefika kwenye la tatu kwa kuliruka la kwanza.

Lori langu nililiunda hatimaye, kwa gundi ya dukani, nikiwa pamoja na yule mtoto. Gurudumu moja limekaa kombo, na sasa halina bei yoyote sokoni. Lakini nikiulizwa jinsi linavyokata kona, naweza kujibu. Kitambaa cha Msahafu nimekifungua vilevile, nami husoma kidogo kila alfajiri, aya chache na maana yake, kwa kusitasita kama mwanafunzi. Ningalipenda kuwa nimeanza miaka mingi iliyopita.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kujua tulivyo navyo na kutenda tunayoyajua, na asitufanye wenye kulinda vifuniko tu. Amin.