Nguvu ya Msumeno Hukaa Wapi?

Msumeno wa mnyororo uliozimwa na kulazwa chini ya mti hauonyeshi dalili yoyote ya nguvu, na bado kijitabu chake cha kiwandani kinasema una kilowati 3.9. Je, nguvu hiyo imo ndani ya chuma kilicholala, au huwapo pale tu chuma kinapofanya kazi? Swali hili ni la kale. Wanafalsafa wa Megara, Ugiriki, walishikilia kwamba kitu kina uwezo wakati kinapoutumia tu. Aristotle aliwajibu katika kitabu cha tisa cha Metafizikia: ingekuwa hivyo, mjenzi akipumzika si mjenzi tena, na akirudi kazini itabidi ielezwe ameupata wapi ufundi wake kwa ghafla. Anayetaka kupima msumeno wake nyumbani yuko upande wa Aristotle, ajue asijue, kwa sababu anaamini kuna kitu cha kupimwa. Lakini chombo cha kupimia kinawarudishia Wamegara sehemu ya haki yao.

Chombo hicho ni breki iliyobuniwa na mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, na fundi mwenye karakana ndogo anaweza kuitengeneza. Mnyororo na bapa linaloubeba huondolewa, kisha vipande vya kusugua hukazwa polepole juu ya gurudumu linalozungushwa na injini. Breki hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu, ila mkono wake mrefu huizuia kwa kukandamiza mizani. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 30, mizani ikisoma kilo 1.2 na injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, hesabu yake ni hii: kilo mara 9.81, mara urefu wa mkono kwa mita, mara mizunguko, kisha kugawanya kwa 9,549. Jibu ni kilowati 3.3, yaani karibu nguvu farasi 4.5. Na nguvu hiyo yote, wakati inasomwa, inageuka kuwa joto kwenye breki, ndiyo maana vipande vya mbao huanza kutoa moshi upesi na maji huhitajika karibu. Uwezo wa injini umejulikana kwa kuteketezwa wote. Hakuna njia ya kuuona ukiwa umetulia.

Jambo la pili ni kwamba tarakimu hiyo haiwezi kusimama peke yake. Injini ileile kwenye mizunguko 6,000 itatoa jibu jingine. Ikipandishwa kutoka pwani ya Tanzania hadi mji wa Mafinga, kwenye mashamba ya mipaini ya Sao Hill yaliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, itapungukiwa na nguvu kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na injini isiyopata hewa haina cha kuchomea petroli. Hata kipimo chenyewe ni makubaliano: James Watt aliiweka nguvu farasi kwenye pauni-futi 33,000 kwa dakika ili wanunuzi wa injini za mvuke walinganishe mashine na farasi waliowazoea. Kwa hiyo nguvu ni ya msumeno kweli, ila ni ya msumeno katika hewa fulani, kasi fulani na mzigo fulani.

Wengi hawatengenezi breki. Hukata gogo kwa saa mkononi, hubadilisha kifaa kimoja cha msumeno ili kuuongezea nguvu, hukata tena. Njia hii ni nyepesi na ni hapa panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mbao ya ndani ya gogo haifanani kila mahali, mnyororo huanza kupoteza makali tangu mkato wa kwanza, na mkono wa mtu aliyetumia Jumamosi nzima kutanua ekzosi hukandamiza zaidi bila mwenyewe kukusudia. Sura ya 83 ya Kurani inawalaani wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Kumbukumbu la Torati inakataza mawe mawili ya mizani katika mfuko mmoja. Maandiko hayo yanazungumzia soko, lakini anayejipimia kazi yake mwenyewe naye ana mawe mawili mfukoni: moja la msumeno wa jana, jingine la msumeno anaoupenda leo. Dawa yake inajulikana. Mtu mwingine akate bila kuambiwa kifaa kipi kimefungwa, mnyororo unolewe kabla ya kila mkato, na kifaa cha zamani kirudishwe ili kionekane kama nacho hakikuongeza kasi.

Kubadilisha vifaa kunaonyesha jinsi nguvu isivyo kitu kimoja. Ekzosi ikitanuliwa, moshi hutoka kwa urahisi, lakini kabureta isiporekebishwa mchanganyiko huwa na petroli kidogo mno, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, pistoni hukosa mafuta na kukwama. Gasketi ya chini ya silinda ikiondolewa, mgandamizo hupanda. Ila silinda nzima imeshuka, kwa hiyo matundu yake nayo hufunguka kwa wakati tofauti, na pistoni imekaribia kichwa cha silinda. Mafundi makini hupitisha waya laini wa risasi kwenye tundu la plagi, huzungusha injini kwa mkono, kisha hupima ulivyobanwa: ukiwa mwembamba sana, pistoni itagonga. Sproketi ya meno 8 badala ya 7 huongeza kasi ya mnyororo kutoka takriban mita 22 hadi 25 kwa sekunde kwenye mizunguko 10,000, na papo hapo hupunguza mvuto wake. Vidhibiti vya kina vilivyo mbele ya meno, ambavyo kwa kawaida huachwa chini ya ncha za meno kwa milimita 0.65 hivi, vikipunguzwa zaidi kwa tupa, jino humega kipande kikubwa na msumeno huwa mwepesi kumrukia aliyeushika.

Hapo swali la maarifa linakuwa swali la dhamana. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, alifundisha kwamba wajibu hukua pamoja na uwezo. Kiwanda kilikuwa kimebeba dhamana ya vipimo vyake. Aliyeondoa gasketi ameichukua yeye. Akiutumia msumeno peke yake, hatari ni yake. Lakini misumeno hukodishwa, huuzwa na hukabidhiwa vibarua, na hakuna mnunuzi anayeweza kuona kwa macho milimita iliyopungua ndani ya silinda au kidhibiti kilichosagwa kupita kiasi. Fikihi ya Kiislamu inahesabu kuficha kasoro ya bidhaa kuwa udanganyifu, na hukumu hiyo inaufikia msumeno huu hata kama unakata vizuri kuliko mpya. Mwenye kuubadilisha anapaswa kumwambia atakayeushika ni kifaa gani kimeguswa, kwa kipimo gani, na breki ya msumeno inayosimamisha mnyororo ilijaribiwa lini.