Njaa Katikati ya Majani

Mwaka 2013, kwenye rasi ya Otway kusini mwa jimbo la Victoria, Australia, koala walianza kufa kwa njaa wakiwa juu ya miti. Aina ya mkaratusi waliyoizoea, ile iitwayo mana, ilikuwa imetafunwa hadi yakabaki matawi makavu. Lakini karibu na hapo palikuwa na mikaratusi ya aina nyingine, imejaa majani mabichi. Koala wengi hawakuigusa. Walikaa kwenye matawi matupu wakakonda, wengine wakaanguka chini. Maofisa wa serikali wakawa wanawakamata, wanawapima, na waliodhoofika kupita kiasi wanawachoma sindano ya kuwaua ili wasiendelee kuteseka. Karibu 700 waliuawa hivyo katika miaka ya 2013 na 2014, na wananchi hawakuambiwa mpaka mwaka 2015.

Anayeisikia habari hii hudhani palikuwa na ukame au moto. Havikuwapo. Koala wa Otway walikufa kwa sababu waliwahi kuokolewa, na waliowaokoa walihesabu wanyama wakasahau kuhesabu miti. Kwa kila apendaye wanyama na kutamani kuwasaidia, hiki ni kisa cha kukijua hatua kwa hatua, maana hakuna hatua hata moja iliyofanywa kwa nia mbaya, ukiacha ile ya kwanza.

Tuanze na tumbo la mnyama mwenyewe. Mkaratusi sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu: tunaupanda kwa nguzo na kuni, na mtu akishikwa na mafua makali huchemshiwa majani yake akajifunika shuka, akajifukiza. Ile harufu kali inayofungua pua ni mafuta ambayo mti huyatengeneza kujilinda na walaji. Majani yana sumu nyingine pia, yana nyuzi ngumu, na lishe yake ni haba sana. Wanyama wengi wakiyala wataugua. Koala anayala kila siku, nusu kilo hadi kilo nzima, na karibu hali kitu kingine.

Anawezaje? Ini lake lina uwezo mkubwa wa kuvunja sumu. Wanasayansi waliposoma jenomu yake na kuchapisha matokeo mwaka 2018, waliona jeni zinazofanya kazi hiyo zimeongezeka kwake kuliko kwa mamalia wengine. Hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Watu husema amelewa majani, na hilo si kweli: chakula chake kina nguvu kidogo mno, kwa hiyo hana budi kuitumia kwa ubahili. Na sehemu ile ya utumbo ambayo kwetu binadamu imeshika kidole tumbo, kwake hufikia urefu wa mita mbili. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaomsaidia kuyachachua na kuyavunja majani. Bila bakteria hao, koala hufa njaa hata akiwa ameshiba.

Bakteria hao hazaliwi nao. Mtoto wa koala, ambaye si mtoto wa dubu, bali wa mnyama mwenye mfuko kama kangaruu, huzaliwa baada ya siku 35 hivi za mimba akiwa na urefu wa sentimeta mbili na uzito usiofika gramu moja. Ni kipofu, hana manyoya, na bado hutambaa mwenyewe hadi kwenye mfuko wa mama yake. Hukaa humo kama miezi sita akinyonya. Kisha, kabla hajaanza majani, mama humtolea uji laini kutoka kwenye utumbo wake, na mtoto huula. Kwa kuula hupokea bakteria wa mama, na pamoja nao hupokea uwezo wa kula kile ambacho mama yake anakila.

Hapo ndipo fumbo la Otway linapofunguka. Australia ina aina za mikaratusi zaidi ya 700. Koala hula chache, na katika eneo moja hupendelea mbili tatu tu. Waliokulia kwenye mana walikuwa na bakteria wa mana. Watafiti walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 2019: waliwakamata koala 12 wa Otway waliokuwa wakila mana tu, baadhi yao wakawamezesha vidonge vyenye kinyesi cha koala waliozoea ile aina nyingine. Kadiri bakteria wa tumboni walivyobadilika, ndivyo wanyama hao walivyoanza kula zaidi majani ambayo awali waliyakataa. Kwa hiyo wale waliokufa mwaka 2013 hawakuwa wakaidi wala wajinga. Majani yalikuwapo, lakini inaelekea matumbo yao hayakuandaliwa kwa ajili yake.

Sasa, koala wengi kiasi kile walifikaje Otway, zaidi ya 10 katika hekta moja? Inabidi turudi nyuma miaka mia.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ngozi ya koala ilikuwa bidhaa. Manyoya yake ni mazito, hustahimili mvua na baridi, na ngozi kwa mamilioni zilipakiwa melini kwenda London na Marekani kushonewa makoti, kofia na glavu. Mwaka 1919 serikali ya jimbo la Queensland iliruhusu uwindaji kwa miezi sita, na inakadiriwa koala milioni moja waliuawa. Wawindaji walitumia bunduki, mitego na sumu ya sianidi. Agosti 1927 ikaruhusu tena, mwezi mmoja tu, kwa hoja kwamba watu wa mashamba wanahitaji fedha. Ngozi zilizopatikana katika mwezi ule zilikaribia 600,000. Magazeti yalilaani, viongozi wa dini walilaani, wananchi wa kawaida waliandika barua za hasira, na baada ya hapo Queensland haikufungua tena msimu wa koala. Mwaka huohuo, nje kidogo ya Brisbane, palianzishwa makao ya koala yaitwayo Lone Pine, yakianza na wanyama wawili. Yapo hadi leo.

Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika bara la jimbo la Australia Kusini koala walikuwa wanatoweka kabisa, na Victoria walikuwa wamebaki wachache. Kilichowaokoa ni kisiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 watu walikuwa wamepeleka koala wachache sana kwenye kisiwa cha French, karibu na Melbourne. Pale hapakuwa na wawindaji wa ngozi, na majani yalikuwa tele. Wakaongezeka mpaka miti ikaanza kuelemewa. Kuanzia miaka ya 1920 wakawa wanakamatwa, wanatiwa kwenye masanduku na kusambazwa: maelfu kwa maelfu, kwa miongo mingi, kila palipoonekana mikaratusi. Otway ni mojawapo ya sehemu hizo. Koala wa French walifikishwa pale mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata mia hawakufika.

Koala karibu wote wanaoishi kusini leo ni uzao wa kundi lile dogo. Koala wa kusini waliokoka, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini walichokirithisha ni wanyama wenye damu moja, na mazoea ambayo hayakuhojiwa kwa miaka mingi: wakizidi hapa, wahamishie kule.

Mazoea hayo yalionyesha matokeo yake yote kwenye kisiwa cha Kangaroo, pwani ya Australia Kusini. Ni kisiwa kikubwa, cha tatu kwa ukubwa nchini humo, na koala hawakuwa wenyeji wake. Kati ya mwaka 1923 na 1925 walipelekwa 18. Hakuna mbweha kule, hakuna dingo (mbwa mwitu wa Australia), na klamidia, ugonjwa unaowamaliza koala sehemu nyingine, haukuwa tatizo. Kufikia mwaka 2001 ilikadiriwa wapo 27,000. Mana za kandokando ya mito zilikauka zikiwa zimesimama, na ndege na wadudu walioitegemea miti hiyo hawakuwa na pa kwenda. Koala wenyewe walionyesha kasoro za kuzaliana kwa ndugu, mojawapo ikiwa ni madume wenye korodani zisizokua.

Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu waliishauri serikali kwamba sehemu ya koala hao wauawe ili miti ipone. Serikali ilikataa. Koala ni sura ya Australia kwa watalii na watoto wa dunia nzima. Nani angetia saini karatasi hiyo? Badala yake, kuanzia mwaka 1997, walianza kuwafunga uzazi: kumpandia kila mnyama mtini, kumshusha, kumfanyia upasuaji, kumrudisha. Maelfu walifanyiwa hivyo, wengine wakahamishiwa bara. Ilikuwa kazi ya huruma na ya gharama kubwa, lakini haikutosha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kabla ya mwisho wa mwaka 2019 koala wa kisiwani walikadiriwa kufikia 50,000, wengi wao wakiwa ndani ya mashamba ya mikaratusi iliyopandwa kibiashara.

Halafu moto ukaja. Kati ya Desemba 2019 na Januari 2020 karibu nusu ya kisiwa iliungua, hekta zipatazo 210,000. Mnyama mwingine hukimbia au hujichimbia. Koala hupanda juu zaidi mtini, na mkaratusi, kwa sababu ya mafuta yake yaleyale, hushika moto kwa nguvu za kutisha. Zaidi ya robo tatu ya koala wa kisiwa waliteketea kwa makadirio. Mamia waliletwa kwa madaktari wa mifugo wakiwa na nyayo zilizoungua. Watu walilia na kuchangia fedha kutoka kila pembe ya dunia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Baadaye, wenye mashamba ya miti waliamua kung'oa mikaratusi iliyosalia na kurudisha ardhi kwenye kilimo, na koala walionusurika walikuwa bado wamo ndani yake.

Msomaji makini atauliza: kama kusini wanazidi, kwa nini wasipelekwe kaskazini wanakokwisha? Maana ni kweli wanakwisha. Koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra walitangazwa Februari 2022 kuwa hatarini kutoweka. Kamati ya bunge la New South Wales ilikuwa imeshaonya mwaka 2020 kwamba bila hatua za haraka koala watatoweka katika jimbo hilo kabla ya mwaka 2050. Huko misitu imefyekwa kwa malisho ya ng'ombe na kwa nyumba, koala hulazimika kutembea ardhini, na ardhini wanakutana na magari na mbwa.

Lakini koala si chupa za soda za kuhamisha kreti moja hadi nyingine. Yule wa Victoria ana mwili mkubwa na manyoya mazito ya nchi ya baridi, tumbo lake lina bakteria wa miti ya kwao, na virusi na klamidia iliyoenea kaskazini huenda mwili wake haujawahi kupambana navyo. Zaidi ya yote, atapelekwa wapi? Wa kaskazini wanakufa kwa kukosa msitu. Kumwongeza mgeni hakuongezi mti.

Klamidia yenyewe inahitaji neno. Huwapofusha koala, huwaziba njia ya mkojo, huwafanya majike wagumba. Dawa zake ni antibiotiki, na hapa tumbo linarudi tena: dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa inaweza pia kuwaua bakteria wa utumbo, na koala aliyepona macho akafa kwa kushindwa kusaga majani. Ndiyo maana chanjo iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Sunshine Coast, ikaidhinishwa Septemba 2025, imepokewa kwa furaha kubwa. Nami naifurahia. Ila koala aliyechanjwa akirudishwa kwenye kipande cha msitu kitakachofyekwa mwakani, sindano hiyo imemsaidia kwa msimu mmoja.

Na visa kama vya Otway havijakoma. Machi 2025 moto uliunguza hifadhi ya Budj Bim, Victoria, eneo lenye koala wengi waliokuwa wamezungukwa na mashamba ya mikaratusi ya biashara. Walionusurika walibaki na majeraha na bila majani. Serikali ilituma wapiga risasi kwa helikopta, na mamia waliuawa wakiwa mitini. Wengi walikasirishwa na njia iliyotumika, na wana haki. Mimi linaloniuma zaidi ni kwamba hesabu ya koala na majani ya Budj Bim ingeweza kufanywa miaka mingi kabla ya moto.

Septemba 2025 serikali ya New South Wales ilisimamisha ukataji wa magogo katika misitu ya umma ya pwani ya kaskazini iliyopangwa kuunganishwa na hifadhi za zamani, kuwa hifadhi moja kubwa ya koala ya hekta 476,000. Wafanyakazi wa viwanda vya mbao wanapoteza kazi kwa uamuzi huo, na wameahidiwa malipo. Hakuna koala anayehamishwa kwenda kokote. Wanabaki walipo, kwenye miti ambayo mama zao waliwafundisha matumbo kuila.