Ushujaa wa Dakika Arobaini

Mtu ninayemheshimu alisema barazani, huku akicheka, kwamba vita vya Zanzibar vya 1896 ni kichekesho cha historia: vilikwisha kabla chai haijapoa. Akaongeza kuwa Admirali Mwingereza Harry Rawson alikuwa shujaa, maana hakupewa nishani bure. Kicheko kile bado kimenikwama kooni.

Ushujaa, tumefundishwa, ni kuikabili hatari kwa ajili ya jambo jema. Sina ugomvi na maana hiyo. Tuipeleke Forodhani, tarehe 27 Agosti. Khalid bin Barghash amejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, naye ametakiwa aondoke kabla ya saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya Rawson ikafunguliwa. Kufikia kama saa tatu na dakika arobaini, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Rawson alijeruhiwa baharia mmoja wa meli ya Thrush, akapona. Admirali alikabili hatari gani?

Nikajibiwa: “Usimpime mtu wa jana kwa mizani ya leo.” Hapo ndipo damu hunichemka. Jana ya nani? Waliofukiwa na vifusi vya jumba la sultani nao walikuwa watu wa jana, ila hatuambiwi kamwe tuwapime kwa mizani yao. Husemwa “zama zile”, ikakusudiwa zama za aliyeshika mzinga peke yake. Na hata mizani hiyo ya Waingereza haimsaidii. Tangu 1856 walikuwa na nishani ya Victoria Cross, ya ujasiri mbele ya adui. Walijua vyema, wakati uleule, kwamba kushinda ni jambo moja na kuthubutu ni jingine. Rawson alipandishwa hadhi na kuitwa Sir mwaka 1897, baada ya kuongoza msafara ulioiteka Benin, ambako shaba za mfalme zilibebwa hadi London. Kilichotuzwa ni kazi iliyokamilika.

Wapo wasemao Rawson alipigana China akingali kijana mdogo. Hiyo ni haki yake. Wapo wakumbushao kwamba Khalid hakuwa mkombozi wa watumwa, ni kweli.

Mimi hunivuta zaidi Glasgow, meli ya kifahari ya sultani, iliyoundwa Uingereza baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza merikebu za Sultani Barghash, baba yake Khalid. Asubuhi ile ya vita iliishambulia meli kubwa ya Rawson, St George, ikazamishwa. Milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini kwa miaka mingi. Kuifyatulia St George kutoka kwenye meli ya starehe: huo ni ujasiri, au ni kutojua hesabu?

Swali hilo linaniharibia hoja yangu mwenyewe. Miongoni mwa waliolilinda jumba walikuwamo watumwa na watumishi. Hatari waliikabili, lakini nani aliwauliza kama wanataka? Khalid, aliyekuwa na hiari, alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Rawson naye alikuwa na hiari, ila hatari haikumfikia. Kama ushujaa unahitaji hatari na hiari kwa pamoja, sioni pa kuutundika siku ile, na bado siwezi kumwambia mtu kwamba babu yake aliyefia pale hakuwa shujaa.