Nani apeleke habari ya kifo?



Tunaandika juu ya jambo lililotokea kati yetu, na mupaka leo hatujapatana juu yake. Mama mumoja wa hapa Uvira anauzisha ndagala sokoni. Mutoto wake wa kwanza alikuwa anaendesha piki kule Bukavu. Siku moja asubui kamio ikamugonga, akafa palepale. Wapita njia wakapiga picha. Picha ikatoka telefone kwa telefone, na mbele ya saa ine ikafika katika grupi ya WhatsApp ya kartie yetu. Jirani ya yule mama alikuwa anaitazama karibu na meza ya ndagala. Mama akainama aone ni kitu gani wanashangaa. Uso haukuonekana vizuri, lakini shati alilijua: ni yeye aliyelinunua.

Saa ileile wazee watatu wa familia walikuwa wamekaa ndani ya nyumba, wanatafuta nani aende kumwambia. Walikuwa wamemuchagua dada yake mukubwa. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani ili atoke, wakasikia kelele kutoka sokoni.

Kijana aliyetupa ile picha katika grupi ni mutoto wetu, wa kanisa letu. Tulimwita. Akajibu kwa adabu: «Baba, sikusema uongo. Je, habari haikuwa ya kweli?» Ndiyo, ilikuwa ya kweli. Hapo tukanyamaza, kwa maana siku zote tumefundisha vijana wakimbie uongo, lakini juu ya kweli inayofika vibaya hatukuwafundisha kitu.

Tukumbuke namna ilivyokuwa. Mutu akifa, familia ilienda kwa foni, ao kwa redio. Kwa redio mulipeleka karatasi: jina la marehemu, nani anayetangaza, na majina ya wandugu wote na pahali wanapokaa, wa Fizi, wa Kamituga, wa Shabunda, wa Kalemie. Mulilipa kwa kila mara itakayosomwa. Mutangazaji aliuliza: munatoka katika familia gani, nani ametia mukono hapa chini? Jioni watu walinyamazisha watoto, wakasikiliza. Wengine walizima redio muchana mwote kusudi mawe yasiishe mbele ya saa ya matangazo. Na feza ile ya vilio ndiyo iliyonunua mafuta ya mashini ya umeme, ndiyo iliyolisha mutangazaji na watoto wake. Ni jambo la kushangaza kidogo tukifikiri: redio ndogo nyingi ziliishi kwa vifo vyetu.

Lakini kati ya kifo na karatasi kulikuwa nafasi. Karatasi haikwenda kwa redio mbele mama hajajua. Mutu alitumwa kwa miguu, mutu mwenye moyo, aliyejua namna ya kuingia katika nyumba. Ataomba maji ya kunywa. Ataulizia habari ya wagonjwa. Ataita jirani wawili waje kukaa karibu, mumoja kuume na mumoja kushoto, na yule mama, akiona jirani wanakaa bila kusema, moyo wake umekwisha kuanza kujua. Urefu wa njia na bei ya tangazo vilitupa saa chache za huruma, sisi wenyewe bila kufahamu.

Leo makaratasi yale yamepunguka sana. Mutangazaji mumoja alituambia kwamba zamani alisoma matangazo mupaka sauti ikakauka, na sasa jioni nyingine anakuwa nayo mawili tu. Hata hayo watu wanaleta kwa heshima tu, maana kila mutu amekwisha kuyasoma katika telefone. (Mupiga picha wa vilio, tumuache, munajua hali yake.)

Hatusemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Bei ya redio ilikuwa muzigo kwa maskini. Tunajua wandugu waliozika baba yao, na kaka yao mukubwa kule Shabunda akapata habari miezi miwili nyuma. Leo habari inafika, na muchango wa kilio unafika siku ileile kwa telefone. Tarehe 22 Mei 2021 jioni, wakati Nyiragongo ilipotapika moto kuelekea Goma na watu wakakimbia kila upande, ni telefone iliyosaidia wazazi wengi kutafuta watoto waliopotea. Tena, kutoka tarehe 31 Desemba 2018 mupaka karibu tarehe 20 Januari 2019, intaneti ilikatwa katika inchi yetu nyuma ya uchaguzi. Katika majuma yale tulifiwa na muzee mumoja. Habari yake ilipita kinywa kwa kinywa, na wandugu wake walio ngambo hawakujua mupaka maziko yakapita. Lakini hakuna mutu aliyeona maiti yake mbele ya watoto wake. Kila mumoja apime mwenyewe.

Wenye WhatsApp nao waliona hatari, lakini hasa juu ya uongo. Katika Januari 2019 waliweka kipimo: ujumbe uliopokewa usitumwe tena kwa zaidi ya nafasi 5 mara moja. Katika Aprili 2020 wakakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kupita katika mikono mingi, nafasi 1 tu kwa mara. Ni vizuri. Lakini mashini inahesabu mikono tu. Haijui kama mukono wa sita ni wa mama.

Tulipokuwa tunabishana, muzee mumoja akatukumbusha Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18. Absalomu amekufa. Ahimasi anaomba kukimbia kwa mufalme, na Yoabu anakataa, kwa sababu aliyekufa ni mutoto wa mufalme, anamutuma Mukushi. Na angalieni, Yoabu mwenyewe ndiye aliyemuchoma Absalomu. Hata yeye alijua kwamba habari ile haibebwi na kila mutu. Ahimasi anasihi, anaachiliwa, anapita njia ya bonde na kumutangulia mwenzake. Lakini Daudi anapomuuliza juu ya kijana wake, anashindwa: aliona makelele ya watu tu, hakujua ni kitu gani. Miguu yake ilikuwa na mbio, kinywa chake hakikuwa na neno. Mufalme akamwambia asimame kando.

Kijana wetu alisikiliza mupaka mwisho, kichwa chini. Tulimwomba, na wengine wote wa grupi, kwamba habari ya kifo isipite mbele mutu wa familia hajasema: sasa pitisheni. Picha ya maiti isipite hata kidogo. Wengine wanasema hatutaweza, kwa maana kartie ina grupi nyingi. Labda ni kweli.

Siku ya nane kijana akaenda mwenyewe kumusalimia yule mama. Mama akamupa kiti. Hakumulaumu. Alimuuliza neno moja tu: kama mutoto wake alikuwa na viatu miguuni. Kijana hakuweza kujibu. Hakuwa Bukavu siku ile, na ile picha ilikatikia kwa magoti.