Uzi Uliofungwa

Je, kufungwa ni adui wa uhuru? Swali hili huwagusa vijana hasa, kwa kuwa wao huambiwa kila siku saa ya kuamka, saa ya kunyamaza na saa ya kulala. Wengi hujibu upesi kuwa mtu huru ni yule asiyefungwa na kitu. Kabla ya kulikubali jibu hilo, na tuitazame nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo.

Uzi uliolala chini hauna wimbo. Ukiuvuta, hujikunja tu na kutulia. Lakini ufunge ncha zote mbili, ukaze, kisha uguse kwa kidole: mara hutetemeka huku na huku mara nyingi katika sekunde moja. Mtetemo huo huingia katika ngozi iliyowambwa, ambayo huisukuma hewa kwa nguvu kuliko uwezavyo uzi mwembamba, na mawimbi ya sauti huenea hata masikioni mwetu. Mvuto uuzuiao uzi kwenda mbali ndio uurudishao kila unapopotoka. Pasipo mvuto hapana mtetemo, na pasipo mtetemo hapana wimbo.

Hata hivyo, tusifanye haraka kuwasifu wafungaji. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, katika kitabu chake cha mwaka 1636, alieleza kanuni za nyuzi. Uzi unaotetemeka mara 220 kwa sekunde, ukitakiwa kutetemeka mara 440, hauna budi kuvutwa kwa nguvu mara nne. Huenda ukakatika kabla ya kufika huko. Lakini uzi wa aina ile ile, wenye nusu ya urefu, hutoa sauti hiyo bila kuongezewa mvuto. Kwa hiyo fundi mwema haulazimishi kila uzi, huchagua ufaao.

Tena, kamba ya mzigo wa kuni nayo imekazwa, wala haiimbi. Kwa nini? Kwa sababu imebanwa na kuni mahali pengi, haikuachiwa nafasi ya kutetemeka. Uzi wa nyatiti hushikwa nchani tu; katikati yake ni huru.

Yamkini msomaji atasema kuwa mtu si uzi. Ni kweli. Mtu huumia, hufikiri, na ana haki ya kuuliza kwa nini amefungwa. Ndiyo maana wazazi na walimu wana wajibu ambao fundi wa ala hana: kumjibu. Sheria inayomshika kijana mwanzo na mwisho wa siku yake, ikamwachia katikati nafasi ya kuuliza, kujaribu na kukosea, humpa sauti. Ile inayombana kila mahali humpa kimya, na wako wakubwa wanaokidhania kimya hicho kuwa adabu.

Basi uonapo sheria, usiulize tu kama inafunga. Uliza inafunga wapi, kwa nguvu gani, na imeacha nini huru.